Sura ya Tano: Hofu Iliyofanyiwa Kazi

Mwezi wa Novemba 2016, kabla hakujapambazuka, Alex Honnold alianza kuukwea mwamba wa El Capitan katika bonde la Yosemite, California, bila kamba. El Capitan ni ukuta wa matale uliosimama zaidi ya mita 900 kutoka msituni hadi kileleni. Wapandaji wengi, wakiwa na kamba, hutumia siku kadhaa kuumaliza, wakilala usiku kwenye vitanda vya turubai vinavyoning'inia juu ya bonde. Honnold alikuwa na taa kichwani, mfuko wa chaki kiunoni, na viatu vya mpira vilivyombana vidole.

Hakufika mbali. Sehemu ya chini ya njia aliyoifuata, iitwayo Freerider, ina mahali ambapo mwamba umelala kidogo, ukalainika, na hauna pa kushika. Hapo mpandaji husimama kwa msuguano wa soli peke yake. Honnold alifika hapo akasita. Wiki kadhaa nyuma alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, na kifundo hicho kilikuwa hakijarudi sawasawa. Marafiki zake walikuwa wamejipanga ukutani na kamera, maandalizi ya muda mrefu yakimsubiri yeye tu. Aliupima mguu, akaona bado hauamini, akaacha. Akateremka.

Miezi saba baadaye, tarehe 3 Juni 2017, alirudi mahali pale pale. Alianza saa kumi na moja na dakika 32 alfajiri, akasimama kileleni saa tatu na dakika 28 asubuhi. Saa 3 na dakika 56, mtu mmoja, bila kamba.

Dunia inaikumbuka asubuhi ya Juni. Filamu ya Free Solo, iliyoongozwa na Elizabeth Chai Vasarhelyi na Jimmy Chin, iliifikisha mpaka kwenye jukwaa la Oscar mwaka 2019. Mimi huvutwa zaidi na ile alfajiri ya Novemba, kwa kuwa inajibu swali ambalo watu huliuliza upande usio wake. Huuliza: mtu kama huyu hupata wapi ujasiri? Lakini ujasiri alikuwa nao Novemba. Njia ilikuwa ileile, na kifo kilikuwa kilekile pale chini. Kilichokosekana ni hali fulani ya akili, na bila hali hiyo hakuwa tayari kupanda. Alitambua kwamba haipo, akakubali kurudi mbele ya kamera.

Hali hiyo wanasaikolojia huiita mtiririko. Aliyeipa jina ni Mihaly Csikszentmihalyi, Mhungari aliyezaliwa mwaka 1934 katika mji wa Fiume, ambao leo ni Rijeka, Kroatia. Utotoni aliona Vita vya Pili vya Dunia vikiwapokonya watu wazima kazi, nyumba na heshima, na jinsi wachache tu walivyobaki na uzima ndani yao. Akiwa kambini, kizuizini nchini Italia, aligundua kwamba mchezo wa chesi ulimtoa mle kambini kwa muda wote aliokuwa anacheza. Akiwa na miaka 22 alihamia Marekani, akasoma na baadaye kufundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1975 alichapisha kitabu cha Beyond Boredom and Anxiety, ambacho ndani yake wapanda miamba wamewekwa pamoja na wachezaji wa chesi, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji.

Watu hawa hawakuwa na lolote la kufanana katika kazi zao, ila walipoulizwa wanajisikiaje shughuli inapowakolea, walisimulia jambo moja. Tendo na fahamu huungana, mkono hausubiri amri. Ile sauti ya ndani inayouliza "Wananionaje? Nitaweza kweli?" hunyamaza. Saa hupoteza kipimo chake. Mtu hujiona ana uwezo juu ya kinachotokea bila kukazana kukitawala. Na baada ya hapo hutamani kurudi, hata kama hapakuwa na malipo wala makofi.

Csikszentmihalyi aligundua pia masharti yake. Lazima lengo liwe wazi. Lazima mtu apate jibu papo hapo, ajue kama alichofanya kimefaa au la. Na zaidi ya yote, ugumu wa kazi ulingane na ustadi wa mtendaji: ukizidi sana, huja wasiwasi, ukipungua sana, huja uchovu wa akili. Ukiyatazama masharti hayo utaelewa kwa nini michezo ya hatari hufikisha watu huko upesi kuliko kazi ya ofisini. Ukutani lengo ni kishikio kinachofuata. Jibu linapatikana mguu unapokanyaga, kwa kuwa ama umekamata ama umeteleza. Wala hakuna simu itakayoita ukainua macho.

Hapa ndipo maelezo mengi yanaponiacha. Vitabu na filamu vimeieneza fikra kwamba hatari yenyewe ndiyo inayoleta mtiririko, kana kwamba ukimpeleka mtu yeyote kwenye ukingo wa jabali akili yake itafunguka. Si kweli, na imani hiyo inaua. Hatari hukusanya akili, hilo sikatai. Lakini akili iliyokusanywa na hofu mbichi ina sura nyingine kabisa. Moyo hudunda, macho huona kitu kimoja tu, vidole hukaza kupita kiasi. Kila mpanda miamba anajua kinachofuata: misuli ya kigasha iliyokazwa huibana mishipa ya damu, damu safi haipiti, mkono huvimba na kuwaka moto, na baada ya dakika chache vidole hufunguka vyenyewe hata kama mwenye vidole anavisihi visifunguke. Hofu humwangusha mtu aliyekuwa na nguvu za kutosha kubaki.

Honnold anaijua hofu hiyo. Septemba 2008 alipanda bila kamba uso wa kaskazini-magharibi wa Half Dome, mwamba mwingine wa Yosemite wenye kimo cha kama mita 600. Alikuwa kijana wa miaka 23, na alikuwa hajaisoma njia ile vya kutosha. Alitegemea kwamba ukubwa wa jambo lenyewe ungemwinua. Karibu na kilele, mahali palipolainika, mguu wake ulikataa. Alisimama palepale akibadilisha mkono, akitia chaki, akijaribu kuuamini mkanyago mdogo usioaminika. Jirani na mkono wake kulikuwa na pete ya chuma iliyoachwa na wapandaji wa kamba; angeishika tu, angeokoka, na safari yake ya bila msaada ingekuwa imeishia pale. Juu yake aliwasikia watalii waliofika kileleni kwa njia ya miguu. Mwishowe aliuamini mguu, akapita. Dunia ya wapandaji ilimsifu sana. Yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba hakuridhika, kwamba siku ile alivuka kwa bahati.

Weka Half Dome kando ya El Capitan, utaona tofauti ya miaka tisa ilikuwa katika nini. Wazo la El Capitan alikuwa nalo tangu mwaka 2009. Kila mwaka aliutazama ukuta ule, kila mwaka akaona unatisha mno. Kisha akaanza kuichambua ile hofu kipande kwa kipande, akiuliza ni wapi hasa inapokaa. Ilikaa mahali pachache mno: ule mteremko laini wa chini, pembe fulani ya juu inayochosha mikono, na zaidi ya pote mahali wapandaji wanapopaita Boulder Problem, kiasi cha mita 600 kutoka ardhini. Hapo vishikio ni vidogo kiasi cha kupokea ncha ya kidole. Mpandaji hukandamiza dole gumba la mkono mmoja kwenye ukingo mwembamba, hulibadilisha na la mkono wa pili palepale, kisha hurusha mguu wa kushoto hewani mpaka ukakanyage ukuta wa upande wa pili, kama teke la karate.

Alikwenda pale akiwa na kamba mara nyingi. Alipajua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba aliyokulia. Aliandika kwenye madaftari mpangilio wa mikono na miguu. Aliondoa mawe yaliyolegea njiani yasije yakamsaliti. Kwa mwaka mzima kila usiku alinyoosha viungo, ili lile teke lisimlazimu kujikamua. Nje ya mwamba, akiwa amelala, alizipitia hatua zote kichwani, na hakuishia kwenye hatua. Aliwaza pia atakavyojisikia akiwa katikati ya ukuta, na ingekuwaje hofu ikimjia palepale. Alitaka wasiwasi wote umalizwe huku chini, ili siku yenyewe asibaki na swali.

Hiyo ndiyo kazi ninayoizungumzia. Hofu haikufukuzwa, ilichukuliwa ikafanyiwa kazi mpaka ikawa orodha ya mambo ya kurekebisha. Mambo yaliporekebishwa, haikuwa na la kusema tena. Ndiyo maana Novemba alirudi: kifundo cha mguu kilikuwa jambo moja ambalo halijarekebishwa, na hofu ikalisema.

Najua kuna watakaonikumbusha habari ya ubongo wake. Mwaka 2016 mtaalamu wa neva Jane Joseph, wa Chuo Kikuu cha Tiba cha South Carolina, alimlaza Honnold ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, akamwonyesha picha za kutisha na kuchukiza. Amigdala, kiini kidogo kilichomo ndani ya ubongo kinachohusika na kutambua tishio, kwa wengi huwaka kwa picha kama hizo. Kwa Honnold haikuonyesha kuwaka. Kwa mpandaji mwingine wa umri unaokaribiana na wake, aliyepimwa kwa kulinganisha, iliwaka. Magazeti yakatangaza kwamba mtu huyu kazaliwa bila hofu. Lakini picha kwenye kioo cha mashine si jabali, na mtu mmoja hawezi kuwa ushahidi wa kuzaliwa. Mtu aliyepitisha zaidi ya miaka kumi akijizoeza kutulia mbele ya kinachotisha anaweza kuwa na amigdala iliyofundishwa. Yule kijana aliyeganda chini ya kilele cha Half Dome alikuwa na hofu kama yangu na yako.

Kinachotokea ndani ya ubongo wakati wa mtiririko wenyewe ni kigumu kukipima, maana hakuna mashine ya kubeba mpaka ukutani. Maelezo yenye nguvu zaidi mpaka sasa ni nadharia ya Arne Dietrich, mwanasayansi wa neva wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, aliyoitoa mwaka 2003 na kuiendeleza mwaka uliofuata. Nyuma ya paji la uso iko sehemu ya ubongo inayopanga, inayolinganisha, inayojitazama na kujikosoa. Sehemu hiyo ni ya thamani mno, ila ni ya polepole. Stadi zilizozoewa huhifadhiwa na kuendeshwa na mifumo mingine, ya chini zaidi na ya haraka zaidi. Kwa mujibu wa Dietrich, mwili unapodai ubongo wote, ile sehemu ya mbele hupunguza kazi kwa muda na kuuachia usukani mfumo wa haraka. Charles Limb na Allen Braun waliona jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2008, walipowalaza wapiga piano wa jazi ndani ya mashine wakiwa na kinanda kidogo: walipobuni muziki papo hapo, sehemu ya ubongo wa mbele inayojichunga ilipungua kazi.

Nadharia hiyo ikiwa sahihi hata kwa nusu, inaeleza kwa nini mazoezi hayana njia ya mkato. Mfumo wa haraka unaendesha kile tu ulichokabidhiwa. Ukimnyamazisha mkosoaji kichwani mwa mtu ambaye mikono yake haijajifunza, humpati bingwa. Unampata mtu asiyejiuliza chochote akiwa mahali ambapo angepaswa kujiuliza.

Na lile jambo la wakati kusimama? David Eagleman na wenzake walilijaribu kwa namna ya kuthubutu, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Waliwaangusha watu wa kujitolea chali, bila kamba, kutoka mita 31 hadi kwenye wavu. Mkononi walivaa kifaa chenye tarakimu zinazobadilika haraka mno kusomeka. Kama kweli macho yangepata muda zaidi wakati wa hofu, tarakimu zingesomeka. Hazikusomeka. Hata hivyo, walipoulizwa baadaye, walikadiria kuanguka kwao kulikuwa kurefu kwa asilimia 36 kuliko kwa wenzao waliowatazama. Hofu haikurefusha tukio. Ilirefusha kumbukumbu yake, kwa kuwa kila kitu kilinakiliwa. Mtiririko nao mara nyingi huvuta upande wa pili: mpandaji hushangaa kwamba asubuhi imekwisha. Nadhani wengi huchanganya mambo haya mawili, wakadhani sekunde ndefu ya kunusurika ajali ndiyo ile hali wanayoitafuta.

Mpaka hapa nimesema juu ya mtu mmoja mbele ya jiwe. Afrika Mashariki tuna mchezo ambao mtiririko wake hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Safari Rally ilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wanaikumbuka ile ya zamani, ya maelfu ya kilomita katika barabara ambazo hazikufungwa, magari ya mashindano yakipishana na mabasi, ng'ombe na matope. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, aliishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na hakuna aliyezidi idadi hiyo enzi zile. Mwaka 2021 mashindano yalirudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia, yakijikita Naivasha, penye lile vumbi laini la volkano linaloitwa fesh-fesh, ambalo gari likizama ndani yake dereva haoni hata boneti.

Basi anaendeshaje asichokiona? Anakisikia. Kabla ya mashindano, dereva na mwelekezi wake huruhusiwa kuipita kila njia mara mbili kwa mwendo uliowekewa kikomo. Dereva hutamka anachoona, mwelekezi huandika: kona ya kiwango gani, mkono upi, umbali gani hadi inayofuata, jiwe liko wapi, wapi usikate kona. Siku ya mbio mwelekezi huyasoma maandishi hayo, na lazima ayasome mbele ya tukio. Mikono ya dereva inashughulika na kona hii huku masikio yake yanaipokea ile ijayo. Mwelekezi naye ameinamisha macho kwenye daftari, akijua gari lilipo kwa namna kiti kinavyomsukuma. Akichelewa mstari mmoja, wako nje ya barabara. Akiwahi sana, dereva ameusahau. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye nafasi ya kujifikiria. Kalle Rovanperä wa Finland, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 2022 akiwa na miaka 22 na siku moja, alishinda Naivasha mwaka huohuo akiwa na mwelekezi Jonne Halttunen. Watu husema ni kipaji cha ajabu kwa umri ule. Kipaji kipo, ila alikuwa ameshika usukani wa magari ya rally tangu akiwa mtoto wa miaka minane.

Sijaeleza bado upande unaonitia wasiwasi, na sitaki kuupita haraka.

Jumamosi ya tarehe 14 Mei 1988, Ayrton Senna wa Brazil aliingia katika mitaa ya Monaco kutafuta nafasi ya mbele ya kuanzia mashindano ya Formula One. Mwenzake wa timu ya McLaren, Alain Prost, alikuwa na gari la aina ileile. Senna alizunguka, akaboresha muda wake, akazunguka tena, akauboresha tena. Mwishoni alikuwa ameizunguka njia kwa dakika 1 na sekunde 23.998, na Prost alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya sekunde 1.4. Katika mchezo unaopimwa kwa vipande vya sekunde, hilo ni pengo lisiloelezeka kwa gari. Baadaye Senna alimsimulia mwandishi Gerald Donaldson kwamba ilifika mahali hakuwa tena akiendesha kwa kujua. Njia nzima ilikuwa kama handaki, naye alizidi tu kwenda. Kisha akazinduka ghafla, akatambua kwamba alikuwa amepita mpaka wa kile alichokielewa. Akaogopa. Alirudi kituoni taratibu, na siku ile hakutoka tena.

Kesho yake, katika mbio zenyewe, aliongoza kwa karibu sekunde 50. Prost alipoishika nafasi ya pili, Senna alianza kuongeza kasi bila haja. Timu ikamwambia kwa redio apunguze, ushindi ulikuwa wake. Alipunguza. Katika mzunguko wa 67 kati ya 78, kwenye kona ya Portier, aligonga uzio. Hakurudi kwa timu yake. Alikwenda kwa miguu hadi kwenye nyumba yake iliyokuwa karibu. Mwenyewe alikiri kwamba umakini ulimtoka. Mimi naona makosa yalianzia kwenye lile agizo lenye busara. Mtu aliyekuwa akiendesha kwa mwendo uliompa mdundo wake alitakiwa ghafla aanze kufikiri namna ya kuendesha, na ile sehemu ya polepole ya ubongo ikarudi kazini mahali penye kuta pande zote mbili.

Kinachonigusa katika habari ya Senna ni ile Jumamosi. Bingwa yule, mwenye njaa ya kasi kupita wote wa zama zake, alirudi kwa hiari. Alitambua kwamba ndani ya hali ile hapakuwa na mtu wa kumwambia basi. Si kila anayeionja hurudi. Utafiti wa Robert Heirene na wenzake wa mwaka 2016 uliwaona wapanda miamba wazoefu waliokaa bila kupanda wakipata dalili zinazofanana na za mtu aliyekatishwa kilevi: hamu kali, huzuni, mambo mengine ya maisha kukosa ladha. Na Julia Schüler na Jeanne Nakamura walichapisha mwaka 2013 matokeo ambayo natamani kila kijana anayeanza michezo hii ayajue. Mtiririko humpa mtu imani kubwa katika uwezo wake. Kwa wazoefu, imani hiyo haikuwapeleka kwenye uzembe. Kwa wasio wazoefu ilipunguza uwezo wao wa kuiona hatari, na ikawasogeza kwenye kuthubutu zaidi. Raha ileile, miili miwili tofauti: mmoja una miaka ya kazi nyuma yake, mwingine una mchana mmoja mzuri.

Hata hivyo uzoefu nao si kinga kamili, na hapa sina budi kumtaja Natalia Molchanova. Alizaliwa mwaka 1962 mjini Ufa, Urusi. Ujanani alikuwa mwogeleaji, akaacha akalea watoto, na alipofika miaka 40 akaanza kupiga mbizi kwa pumzi moja. Mwaka 2009, huko Sharm el-Sheikh nchini Misri, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka mita 100 kwa nguvu za mwili wake, aliposhuka hadi mita 101. Mwaka 2013 aliweza kukaa majini ametulia bila kuvuta hewa kwa dakika 9 na sekunde 2. Aliweka rekodi za dunia 41.

Mpiga mbizi wa aina hii hafikii mtiririko kwa kasi kama dereva. Anaufikia kwa kuacha. Uso ukigusa maji moyo hupunguza mapigo, na damu huondoka mikononi na miguuni kwenda kulinda moyo na ubongo. Akishuka, uzito wa maji huyakandamiza mapafu. Mita 100 chini shinikizo ni mara kumi na moja ya lile la juu. Baada ya kina fulani mwili hauelei tena, unaanza kuzama wenyewe, naye huacha kupiga miguu na kushuka kimya kando ya kamba. Ubongo hutumia karibu sehemu moja ya tano ya oksijeni ya mwili uliopumzika, kwa hiyo kila hangaiko lina gharama. Molchanova aliwafundisha wanafunzi wake kuutawanya uangalifu: wasikazie macho kitu kimoja, waupe uwanja wote wa kuona uzito sawa, kingo na katikati, hadi mawazo yakose pa kushika. Wapandaji hukusanya akili kwenye ncha ya kidole. Yeye aliitandaza, na wote hufika kwenye ukimya uleule.

Tarehe 2 Agosti 2015, karibu na kisiwa cha Formentera nchini Uhispania, alikuwa akimfundisha mwanafunzi. Alizama bila mapezi kwa ajili yake mwenyewe, kwenye kina cha kama mita 35, karibu theluthi tu ya zile mita 101. Hakurudi juu, na mwili wake haukupatikana.

Katika mchezo huu mtu haoni kifo kikija. Haja ya kuvuta hewa hutokana na kaboni dioksidi inayojaa mwilini, wala haitokani na oksijeni inayopungua. Aliyejizoeza huweza kuituliza haja hiyo huku oksijeni ikiendelea kwisha. Zaidi ya hapo, mita kumi za mwisho kuelekea juu shinikizo hupungua nusu, na oksijeni iliyobaki mapafuni hupoteza nguvu ya kuingia kwenye damu. Ndiyo maana wengi huzimia karibu kabisa na uso wa maji, au hata baada ya kutoa kichwa nje, na sekunde moja kabla ya hapo wanaweza kujisikia vizuri kabisa. Vijana wa pwani yetu wanaozama kutafuta majongoo bahari na pweza bila mitungi wako ndani ya sheria hiyohiyo ya maji, na ningependa kila mmoja wao awe na mwenzake anayemtazama kutoka juu, ambaye hazami mpaka yeye aibuke.

Wenye mashindano wameliwekea jambo hili utaratibu, nao nauheshimu kuliko rekodi zote. Mpiga mbizi akiibuka hahesabiwi kuwa amefaulu kwa kufika kina alichotangaza. Wazamiaji wa usalama humkaribia, majaji huhesabu. Ana sekunde 15. Ndani ya muda huo ni lazima avue miwani au kibana pua, atoe ishara ya mkono kwamba yuko salama, kisha atamke kwa mdomo wake kwamba yuko salama, kwa mpangilio huo huo. Akikosea mpangilio, akitamka kabla ya ishara, au akisahau kuvua miwani, anaonyeshwa kadi nyekundu, na mita zote alizoshuka zinafutwa. Akitimiza, huendelea kuangaliwa kwa muda, maana majaji wanajua anaweza kutamka kwamba yu salama na bado akazimia. Hakuna anayemuuliza alijisikiaje kule chini.